Nani Aseme Inatosha?

Wiki ya Pasaka ya mwaka 2025 mjukuu wangu alipanda basi Makambako akaja kuniona hapa Njombe. Ni mwendo wa kilomita sitini hivi, na kwa kawaida yeye huja mikono mitupu, kama ilivyo desturi ya vijana wa siku hizi. Safari hii alileta mkate, sukari kilo mbili na majani ya chai. Majani ya chai, kumletea mtu anayeishi katikati ya mashamba ya chai! Nikajua ana neno.

Tulipokwisha kula alisema, "Babu, nataka kuuza ile miti."

Miti yenyewe ni ekari moja ya mipaina niliyoipanda mwaka 2008, yeye akiwa bado mtoto mdogo. Kila mjukuu nilimpandia ekari yake. Kwetu huku miti ndiyo benki ya asiye na benki. Ikikua hulipa ada, hujenga nyumba, hutoa mahari, na wakati mwingine huzika. Mnunuzi hahitaji kutafutwa mbali, kwani wenye mashine za kupasulia mbao, zile tuziitazo dingidongi, huzileta mpaka shambani. Nilidhani kijana anataka kuoa, au amepata kiwanja. Nikamwuliza fedha ni za nini.

"Za kompyuta, Babu."

"Ya biashara?"

Hapo ndipo aliponishinda. Angeweza kunidanganya nami ningesadiki, maana hufanya kazi kwa fundi wa vitu hivyo. Alinitazama akasema, "Hapana. Ya kwangu tu. Naipenda."

Laiti angesema ni ya kazi, ningekubali jioni ile ile, na makala haya yasingeandikwa. Sisi wazee tunajua kupima haja. Mtu akija na haja, tunauliza maswali mawili matatu, tunakuna kichwa, tunatoa. Lakini mtu akija na penzi la kitu, tuna jibu moja tu, nalo ni "Huhitaji hicho, ulicho nacho kinatosha." Katika miaka yangu ya ualimu nimelitamka jibu hilo mara zisizohesabika. Usiku ule lilifika kwenye ncha ya ulimi likanasa, na ningependa kueleza lilinaswa na nini.

Kwanza nieleze kile alichokitaka, kwa sababu nilimlazimisha anifundishe. Nilimwambia siwezi kukataa wala kukubali kitu nisichokijua. Tukakaa mpaka saa tano usiku, yeye akichora kwenye karatasi, mimi nikiuliza kama mwanafunzi mzito.

Kwa watu wa umri wangu, kioo cha kompyuta ni kile chenye chogo. Ndani ya chogo mlikuwa na chupa kubwa iliyotolewa hewa, na huko nyuma kifaa kilichorusha elektroni zikapiga uso wa kioo na kuchora picha mstari baada ya mstari. Kilikuwa kizito kwa sababu kioo kilichanganywa na risasi ili miale mibaya isimfikie mtazamaji. Kisha vikaja vioo bapa vya fuwele za kimiminika. Hivi havitoi mwanga wenyewe. Taa iko nyuma, na fuwele ni kama madirisha madogo yanayofunguliwa ili mwanga upite na kufungwa ili usipite. Lakini madirisha hayo hayafungi kabisa. Mwanga kidogo huvuja, na ndiyo maana usiku katika vioo hivyo huwa na rangi ya majivu. Aina aliyoitaka mjukuu wangu huitwa OLED. Humo hakuna taa ya nyuma. Kila nukta ni taa yenyewe, na kwenye kioo cha inchi 27 alichokiona kuna nukta zaidi ya milioni tatu na nusu. Nukta inayotakiwa kuwa nyeusi huzimwa tu. Kina ila yake pia: picha isiyosogea ikikaa mahali pamoja kwa muda mrefu mno huweza kuacha kovu.

Jambo la pili ni kasi. Kioo cha kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Mwaka 2024 viliingia sokoni vioo vya OLED vya inchi 27 vinavyobadilisha picha mara 480. Hapo mwalimu aliyelala ndani yangu aliamka. Nikachukua kalamu nikamfanyia hesabu. Sekunde moja ukiigawa kwa 60, kila picha hukaa milisekunde 16.7. Ukiigawa kwa 120 ni 8.3. Kwa 240 ni 4.2, na kwa 480 ni 2.1. "Umeona?" nikamwambia. "Ulipozidisha kwa mbili mara ya kwanza ulipunguza milisekunde nane na ushee. Mara ya pili nne. Mara ya tatu mbili tu. Kila hatua unalipa zaidi na kupata pungufu."

Akacheka. "Babu, si wewe unayetuhadithia kila mwaka habari za Bayi?"

Kweli, ni mimi. Filbert Bayi aliivunja rekodi ya dunia ya mbio za maili moja mwaka 1975 huko Jamaika kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Rekodi ya Jim Ryun wa Marekani ilikuwa dakika 3 na sekunde 51.1. Sehemu moja ya kumi ya sekunde! Nchi nzima ilifurahi, na mimi nilifurahi kuliko nchi nzima. Sikumwuliza mtu sehemu ya kumi ya sekunde inaliwa na ugali gani. Kijana alinipiga kwa fimbo yangu mwenyewe, na nilikubali kimoyomoyo.

Kitu cha pili alichokitaka ni kadi ya grafiki, yaani kile kisehemu cha kompyuta kinachopiga hesabu za picha. Mwezi Januari 2025, huko Las Vegas, Jensen Huang, mkuu wa kampuni ya Nvidia, alitangaza kadi mpya. Kubwa kuliko zote, RTX 5090, ilipangiwa bei ya dola 1,999. Ina gigabaiti 32 za kumbukumbu na inaweza kula umeme wa wati 575. Taa ya kisasa ya sebuleni kwangu ni wati 10, kwa hiyo kadi moja ni sawa na taa za nyumba zaidi ya hamsini. Mjukuu wangu hakuwa mwendawazimu. Alitaka mdogo wake, RTX 5070, uliopangiwa dola 549. Akanieleza kwamba kadi hizi zinaweza kutengeneza picha za kubahatisha: katika kila picha nne zinazoonekana, tatu zaweza kuwa zimekisiwa na mashine, na moja tu ndiyo iliyopigiwa hesabu hasa. Hilo bado linanisumbua kidogo, lakini nitaliacha, maana lina makala yake.

Jumla, pamoja na kasha, kumbukumbu na mengineyo, alipiga hesabu ya shilingi milioni nne na ushee. Ekari ya mipaina ya miaka 17 ingezitoa, na chenji ingebaki.

Sasa nirudi kwenye neno lililonasa.

Mwaka 1974 nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Mwaka huo Serikali ilitoa amri ya kuzuia kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Vijana wengi hawajui kwamba nchi hii iliwahi kuipiga kompyuta marufuku, na ninapowasimulia hudhani nawatania. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za Serikali zilipohamishiwa kwenye mashine, mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa. Fedha nyingi zilipotea, hesabu zikavurugika, na hatimaye ikabidi kazi irudi mikononi mwa makarani. Wakati huo huo bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu mwishoni mwa 1973, mvua zilikuwa zimekatika, na fedha za kigeni zilitakiwa zinunue chakula. Katika hali hiyo, mtu aliyeletewa karatasi ya kuagiza mashine kutoka Uingereza, ambayo ina fundi mmoja na spea zake ziko ng'ambo, angefanya nini? Hata mimi ningeandika "Inatosha" na kupiga mhuri.

Niliifundisha amri hiyo, na kwa bidii. Niliwaambia wanafunzi kuwa kompyuta inamnyang'anya mtu kazi na televisheni ni anasa. Kuna mmoja aliyeniuliza mbona Zanzibar wanayo televisheni, tena ya rangi. Nilimjibu kitu, sikumbuki ni nini, ila nakumbuka darasa lilicheka na yeye akakaa. Bara tulisubiri. Amri ililegezwa polepole katika miaka ya 1980. Televisheni za watu binafsi zikaanza Dar es Salaam mwaka 1994, na ya taifa ikafuata miaka kadhaa baadaye. Hata jina la kompyuta lenyewe tulilipata kwa shida: kulikuwa na waliosema ngamizi, wengine tarakilishi, na wananchi wakasema kompyuta wakaenda zao.

Sipendi kuwacheka wale walioitoa amri ile. Wengi wanaoicheka leo wanasahau jambo moja: viongozi waliosema "inatosha" walisema hivyo na kwa nafsi zao. Hawakuwa na televisheni zilizofichwa vyumbani huku sisi tukinyimwa. Waliishi ndani ya ukuta ule ule waliotujengea. Walikosea pengine, lakini walikosea wakiwa pamoja nasi. Hasara yake haikuwa mashine. Mashine ya 1974 leo ni chuma chakavu, hata kuku hawezi kutagia. Hasara ilikuwa watu: wale ambao wangeigusa wakiwa na miaka ishirini, wakaiharibu, wakaitengeneza, kisha wakatufundisha sisi walimu, nasi tukawafundisha wengine. Mnyororo ule ulikosa pete zake za kwanza.

Ninajua habari za pete zilizokosekana kwa sababu mimi mwenyewe niliongeza pengo.

Mwaka 2007 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari katika wilaya hii. Marafiki wa shule walioko nje walituletea kompyuta kumi, zilizotumika, zote zenye chogo. Wanafunzi walizipakua kwenye lori wakiimba. Nilitenga chumba, nikatia nondo madirishani, nikafunga kufuli tatu, na funguo nikaziweka mfukoni mwangu. Hatukuwa na mwalimu wa somo hilo. Umeme ulikuwa wa kupanda na kushuka. Watoto wangeziharibu. Nilisema bado, tusubiri mtaalamu. Wageni wa heshima walipokuja nilifungua chumba, wakatazama, wakasaini kitabu, nikafunga.

Chumba kilikaa hivyo miaka mitatu. Njombe, msomaji asiyekufika ajue, ni mji wa baridi na ukungu. Nguo zilizoanikwa Juni huweza kukaa siku tatu bila kukauka. Nilipofungua mwaka 2010 panya walikuwa wamezaana ndani ya makasha na kutafuna nyaya, na unyevu ulikuwa umemaliza kilichobaki. Kompyuta tisa ziliandikiwa kufutwa.

Msomaji makini atauliza ya kumi ilikuwa wapi. Ya kumi ilikuwa ofisini kwangu. Niliihamisha wiki ile ile zilipofika, ikawa inachapa mitihani na barua, na baada ya saa za kazi nilicheza karata juu yake, ule mchezo wa mtu mmoja. Sijapata kuyaandika haya mahali popote. Watoto mia nne niliwaambia "bado", na neno lile halikunifunga mimi.

Basi mwezi Mei nilikwenda Makambako. Nilitaka kukiona hicho kioo kwa macho kabla ya kusema lolote. Makambako ni mji wa njia panda: barabara ya Zambia inapita, ya Songea inaanzia pale, na treni ya TAZARA ina kituo chake. Vitu hufika Makambako kabla ya kufika kwetu. Duka la fundi anayemwajiri mjukuu wangu ni chumba kimoja, na nyuma yake kuna rundo la vioo vya chogo ambavyo hakuna anayevitaka wala anayejua avitupe wapi, na risasi yake yote ndani.

Fundi alisimama aliponiona. "Shikamoo Mwalimu."

Sikumtambua. Alikuwa mwanafunzi wangu, aliyemaliza mwaka 2009. Alinipa kiti, akatuma soda. Tukaongea ya shule, nani amekufa, nani yuko wapi. Kisha akasema, bila uchungu wowote, kama mtu anayesimulia mchezo wa utotoni, "Mwalimu, sisi tulikuwa tunachungulia dirishani. Tulikuwa tunapokezana, mmoja anainama mwenzake anapanda mgongoni. Tulihesabu zilikuwa tisa. Tuliita kile chumba kaburini."

Nikamwuliza alijifunza wapi kazi hii. Akasema Dar es Salaam, kwa kufagia duka la mtu miaka miwili ili aruhusiwe kushika bisibisi. Sikuwa na la kusema. Nilikunywa soda yangu.

Kioo kilikuwa cha mteja wao, mtu anayerekodi harusi, aliyekileta kifungiwe kwenye kompyuta yake. Mjukuu wangu alifunga mlango wa duka ili mwanga usiingie, akaweka picha inayotembea ya kijiji usiku. Palikuwa na kibanda, na mlangoni kibatari. Nilitegemea kuona rangi, kwa sababu vijana huzisifu rangi. Nilichokiona ni giza. Lilikuwa giza lenyewe, lile la utotoni kwangu kabla umeme haujafika, ambalo ndani yake kibatari kimoja kilikuwa kitu kikubwa na uso wa mama ulitokea na kupotea. Tangu umeme uingie kwetu sijaliona giza hilo, wala sikujua kuwa nimelikosa. Niliomba airudie. Akairudia mara tatu. Kuhusu zile mara 480 kwa sekunde, macho yangu ya mtoto wa jicho hayakuona tofauti yoyote, na nilimwambia hivyo. Yeye huiona. Au husema huiona; lakini nani awe shahidi wa jicho la mwenzake?

Nikiwa kwenye basi la kurudi niliikumbuka redio yangu. Niliinunua mwaka 1975 kwa mishahara yangu ya kwanza, redio ya National, na ndiyo iliyonipa habari za Bayi. Marehemu baba aliitazama akaniuliza, "Utakula redio?" Nyumba ilikuwa inavuja. Alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini redio ile ilinifanya nisikie Kiswahili kinavyoweza kusemwa, na kama nimepata kuwa mwalimu mzuri hata siku moja, sehemu yake ilitoka humo. Sitaki kuitumia hoja hiyo kumtetea mjukuu wangu, maana ni hoja ya ujanja: inasema penzi ni halali kwa kuwa baadaye liligeuka faida. Je, lisingegeuka? Je, ningeisikiliza redio ile miaka thelathini kwa raha tu, nisipate kitu? Nadhani bado ilikuwa haki yangu, na paa lilikuwa langu linalovuja, na niliyelowana ni mimi.

Hapo ndipo mawazo yangu yaliponifikisha, na si mbali sana. Neno "inatosha" ni jema kinywani mwa anayekosa pamoja na wewe. Mama anayegawa mboga ndogo akajipunja yeye kwanza, anaweza kusema inatosha na hakuna mtoto atakayemwona mkatili. Wale wa 1974, kwa kadiri fulani, walikuwa na haki hiyo. Mimi na funguo zangu sikuwa nayo. Na kuhusu ile ekari, ningekosa nini mimi kwa kumnyima? Hakuna. Ningebaki na miti iliyosimama, niende kuitazama jioni nikifurahi jinsi nilivyo na busara.

Kuna wengine wanaosema neno hili siku hizi, na hawa hawana saini ya waziri. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa, kwa kukosa kisehemu kidogo cha usalama au kwa uzee wa ubongo wake, hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Hapa neno limegeuzwa: mwenye mali anasema inanitosha, na mtu wa mbali anamwambia haikutoshi. Fundi wa Makambako ameshapokea kadhaa, anazitilia programu ya bure na zinaendelea kuchapa kazi. Kisha Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kwamba itaacha kuwauzia watu wa kawaida kumbukumbu zake za jina la Crucial, ili ielekeze nguvu kwa wateja wakubwa, wale wenye maghala ya mashine za akili bandia. Miezi hiyo bei za kumbukumbu zilipanda dunia nzima, nyingine zaidi ya maradufu. Mwaka 1974 kijana wa Tanzania aliambiwa na nchi yake kwamba kompyuta ni ghali mno kwa taifa. Mwaka 2025 kijana yule yule, au mjukuu wake, anaambiwa na soko kwamba yupo mnunuzi mwenye mfuko mkubwa kuliko wake. Sijui ni lipi lingeniuma zaidi kama ningekuwa na miaka ishirini na mitatu. La kwanza angalau ningeweza kulibishia mkutanoni.

Nimetangulia kidogo. Mwezi Juni nilimwita mjukuu wangu, tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji lilipo shamba, na mbele ya mashahidi niliandika kwamba ekari ile, ardhi na miti, ni yake. Sikuandika ruhusa ya kuuza. Niliona kwamba nikimpa ruhusa nitakuwa nimebaki na funguo mfukoni. Baba yake alikasirika, akasema namharibu mtoto, na kwamba yeye mwenyewe alipoomba pikipiki nilimnyima. Ni kweli nilimnyima. Nilimwambia nilikuwa na umri mdogo wakati ule, jibu ambalo halikumridhisha, wala mimi halikuniridhisha.

Miti ilikatwa Septemba. Ingengoja miaka mitano zaidi ingetoa mbao pana na bei nzuri zaidi. Tofauti yake naijua mpaka shilingi ya mwisho, kwa sababu niliipiga hesabu usiku mmoja nilipokosa usingizi. Nilikwenda kuviona visiki. Utomvu ulikuwa bado unatoka. Kijana alikuwa ameshasafisha nusu ya shamba na kununua miche, jambo ambalo sikumwambia alifanye.

Alianza na kioo. Kadi na vingine alisema atanunua mwisho wa mwaka, apate vyote pamoja kutoka kwa mtu anayeleta mizigo. Mwisho wa mwaka ulipofika bei ya kumbukumbu ilikuwa imeruka, na hesabu yake haikutosha tena. Alikuja Krismasi na kioo chake amekifunga kwenye blanketi, akakiegemeza juu ya meza yangu ya kulia, akakiunganisha na laptopu ya zamani ya fundi isiyoweza kukitumikia hata robo ya uwezo wake. Fedha zilizobaki anazo. Anangoja bei zishuke, na hajui zitashuka lini.

Kinywani mwangu lilikuja neno "afadhali". Nililimeza. Nikamwambia azime taa ya sebuleni, aniwekee tena ile picha ya kibatari.